Kilo Ile Nilimwambia Commandant Mwangi

Hapana, mutoto wangu, mama yangu, sikusahau. Uliniuliza leo saa sita pale ku meza, mbele ya batu bote, na mi nilisikia muzuri. Ulisema: «Tata, weye unajua batu ba ma-jet. Kama mwenye ndeke anasema twende, na mi naona hatuwezi kwenda, nifanye namna gani?» Na mi nilijibu nini? «Umwambie ashuke asukume!» Batu balicheka. Muyomba wako alicheka mpaka sombe, ile majani ya muhogo, ilimupitia mu pua. Mama yako alifuta machozi na kitenge. Weye peke yako hukucheka. Uliangalia tena ile message mu telefone yako, «Patron anataka copilote mwenye kuwa souple, tunakungoya Johannesburg siku ya ine» (souple, mutu wa kujikunja bila kubisha), kisha ulitia telefone mu mufuko na ulianza kutosha masahani ku meza.

Mi nilibaki na mifupa ya samaki thomson mbele yangu, na nilijua: uyu mutoto aliniuliza kitu ya kweli, na mi nilimupatia jibu ya bar.

Sasa ulienda kuaga chorale yako ku paroisse. Jua haiyashuka. Niko ku barza ya nyumba, na cahier ya mudogo wako juu ya magoti. Juu ya nini naandika, na niko na kinywa? Ile kinywa unaijua. Kama naanza kusema kitu muzito, yenyewe inatafuta mulango ya kutokea. Mukono hauna ile tabia. Mukono yangu inaenda pole, kama mutu anabeba friji ku ngazi. Na kama unaona makosa, jua mi niliachia masomo première secondaire. Weye njo ulisoma pa fasi ya ukoo yote.

Bya sweta, bya kuomba Mungu, bya kukosa kukula bitu bya barabarani, mama yako alisha kumaliza. Dawa ya kuhara iko mu soksi ya kushoto. Sitarudilia.

Mi nitakueleza namna nilipata kazi na namna niliiharibu. Na kisha iko kitu moja haujue juu ya ile kiti unaenda kuikala. Iko kule chini ya barua. Usiruke, weye na tabia yako ya kuanza kitabu ku mwisho. Soma pole, juu kama unaifikia mbio hautanielewa, na mi naogopa ile kupita kila kitu.

Unajua habari ya ile wakati batu ba Kasai tulifukuzwa huku Kolwezi, balisema hapa siyo kwetu. Tulitoka mu nyumba ya kampi na matela, na masufuria, na mashine ya kushona ya mama yangu, tulilala ku gare majuma mingi tunangoya treni. Nilikuwa na miaka kumi na ine. Tata yangu alikuwa fundi wa umeme ku mine, mutu wa kofia na kalamu. Pale ku gare alikuwa anasema hapana kwa kila mutu. Hapana, sitauzisha matela. Hapana, sitabembeleza chef wa treni. Mi niliona: ule anasema hapana anabaki inje na mvula. Mi nilianza kusema ndiyo. Chef anataka maji? Ndiyo, chef. Soldat anataka mutu wa kumupangusia buti? Ndiyo, mukubwa. Treni ilipofika, tulipanda juu ya ile ndiyo yangu. Kisha myaka tulirudia Kolwezi. Masomo haikurudia.

Tangu pale mi nilikuwa muuzaji wa ndiyo. Niliuzisha ndiyo ku soko, niliuzisha ndiyo kwa ba-creuseur, bale banachimba mawe na mikono, mwisho niliifikisha ku aéroport na balinipatia badge na gilet ya jaune: protocole. Mutu wa kukamata passeport yako, kuingia nayo fasi weye hauwezi kuingia, na kutoka nayo na cachet, ile muhuri, wakati ungali unakula biscuit. Njo ile ndiyo ilikulisha, mama yangu. Siitukani. Lakini sikia bingine.

Mbele ya mabaya nikupatie muzuri, juu siyo kama sijue kitu.

Myaka hii yote niliona bapilote ba freelance. Hawana kampuni, hawana bureau. Beko na valise moja na telefone mbili. Wakati jet inalala hapa siku mbili, banaikala na mi mu kivuli ya bawa, na mi nauliza: «Commandant, kazi hii uliipata namna gani?» Hakuna hata moja aliniambia aliandika barua ya kuomba kazi. Moja, mwenzake alikula samaki mubaya. Ingine, bibi ya mwenzake alizaa. Ingine, passeport ya mwenzake ilijaa macachet, hakukuwa tena page. Kazi yenu inaanzaka mu tumbo ya pilote mwingine! Na nani anajua wa kwanza kama tumbo ya pilote iliharibika? Siyo patron. Ni mutu wa kutia mafuta. Ni mama anafagia salon. Ni chauffeur wa hotel, ule alimupeleka ku pharmacie. Njo bale unasalimia, na siyo salamu ya kupita. Unajua jina ya batoto babo. Nambari yako unaiacha kwa mutu wa mafuta mbele ya kuiacha kwa directeur. Directeur ataipoteza.

Moja aliniambia: kazi ile kama hawakuite wiki tatu, usizani ni weye uko mubaya, ni kwamba batu bote beko na afya. Nilicheka mpaka nilishika bawa. Kisha niliona yeye hachekake. Alikuwa anaangalia telefone yake.

Lakini ile yote ni kupata. Weye haukuuliza kupata. Uliuliza kukataa, na kukataa mi sijue. Mi najua namna ya kuzuia mutu kukataa. Ile njo nilifanya myaka yote.

Sasa, unajua hadisi yangu ya jet ilikula majani. Niliieleza ku ndoa ya muyomba wako, niliieleza ku matanga, hata padri alicheka na mukono ku kinywa. Natandaza mikono kama mabawa, nakimbia mpaka karibu na ukuta, na saa ya mwisho kabisa naruka juu ya kiti: «Jet ilikula majani ya Kolwezi kama mbuzi, ilishiba, kisha iliruka!» Mu ile hadisi pilote eko mujinga, patron eko mukali, na mi niko pembeni nashika kofia. Vile njo batu banaijua. Iko kipande moja natoshaka, batu hawakuisikia.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mbele ya mvula ya kwanza, wakati ile hata mijusi inatafuta kivuli. Weye ulikuwa bado ku masomo ya bapilote kule Kusini. Patron alikuya na jet yake. Patron gani? Ule ule anakungoya siku ya ine. Ndiyo, ule ule, jet ile ile. Alikuwa na commandant mupya wa freelance, mutu wa Kenya, jina Mwangi. Murefu, pole, shati inanyooka kama karatasi. Swahili yake ilivaa cravate: mi nasema «bitu», yeye anasema «vitu», na mi najisikia kama sikuoga. Aliniita «mzee». Mbele yake hakuna mutu aliniita vile ku tarmac. Bengine banaitaka «protocole!» kama mutu anaita mbwa yake.

Patron na benzake babili balitoka ku mine na mawe ya kupeleka ku laboratoire. Bisakoshi kumi na mbili. Kila moja, ukubwa ya mikate mbili. Lakini weye ni mutoto wa Kolwezi, unajua mawe yetu: unaona kitu ya kubeba na kidole, unainama, na mugongo inakuambia kwaheri.

Na unajua namna tunafanyaka hapa. Weye mwenyewe uliruka na ile ndeke ya moteri moja ku Sandoa na ku Kapanga, na bunga, na mbuzi, na bamama na mimba. Ku aéroport yetu, protocole hasemake kilo yote. Anasema nusu. Client anafurahi, bagage inapita. Na bapilote ba hapa banajua: kama protocole anasema makumi ine, bao banatia makumi munane mu calcul yabo, na ndeke inaenda salama. Hatukuita ile kudanganya. Ilikuwa kama bei ya soko, muuzaji anapandisha, mununuzi anashusha, munakutana katikati. Mi nilisema nusu, bao balizidisha. Myaka yote vile, hakuna mutu alifwa.

Mwangi alikuya karibu yangu na kalamu. «Mzee, mizigo hii yote ina uzito gani?»

Balance, ile mizani, iko pale ndani, hatua makumi tatu. Patron alisha kupanda, anagonga dirisha na pete yake: ko, ko, ko. Mi nilisema: «Kilo mia moja na makumi tano, Commandant.»

Aliangalia bisakoshi. Aliniangalia mi. «Una hakika, mzee?»

«Naapa jina ya mama yangu, Commandant.»

Mama yangu Ngalula. Jina yako.

Aliandika mia moja na makumi tano. Niliona kalamu. Nilingoya azidishe, na hakuzidisha. Alifunga karatasi, aliniambia asante. Mama yangu, ule mutu alikuwa wa kwanza ku ile aéroport kuniamini. Wa kwanza! Na nilikuwa na wakati. Kutoka pale nasimama mpaka ku ngazi ya jet ni hatua kumi, na yeye hatembeake mbio. Neno moja tu, «Commandant, zidisha», na iliisha. Patron aligonga dirisha tena. Mi nilipandisha mukono na nilisema: «Safari njema!»

Mafuta ilikuwa mingi, ya kufika mpaka Johannesburg. Weye unajua kupita mi namna hewa ya hapa inakuwa nyepesi saa sita, vile tuko juu na jua inachoma. Mi najua tu kwa macho na kwa masikio. Ile jet, kama inafika ku ile soksi ya kuonyesha upepo, miguu yake inakuwaka ilisha kuacha chini. Ile siku ilifika ku soksi, miguu chini. Ilipita. Mutu wa mafuta aliacha kukunja bomba yake. Aliniambia, «Tata Ngalula, ulitia nini mule?» Ilipita hangar ya mwisho, miguu chini. Piste, ile njia ya ndeke, iliisha. Niliona vumbi nyekundu inapanda kama moshi, na sikuona tena ndeke. Moteri nilisikia, ndeke sikuona. Nilianza kuhesabu, sijue juu ya nini, nilifika ku sita. Kisha ilitoka mu vumbi, chini sana, majani inaning'inia ku miguu yake, ilienda sawa, sawa, bila kugeuka, juu ya miti kabisa, mpaka sauti iliisha.

Mutu wa mafuta aliikala chini pale pale ku béton. Mi nilienda nyuma ya hangar na nilitapika.

Ile majani ku miguu, ile tu njo nilibeba nyumbani kwa kuchekesha batu.

Mwangi hakuenda Johannesburg. Alishusha ndeke Lubumbashi, alitosha batu bote inje, alipima bisakoshi moja moja. Mia tatu na kitu. Alinipigia. Nilizani atanitukana, na nilikuwa nimetayarisha mufano wa kumuchekesha. Hakunitukana.

«Mzee, ulipima?»

«Commandant, balance iliharibika.»

Balance ilikuwa nzima. Nilikuwa naegemea juu yake wakati nasema. Alisema, «Asante, mzee,» na alikata.

Patron alikosa mukutano wake kule Johannesburg, na alisema ni kosa ya pilote. Mu kazi yenu hakuna mutu anakufukuza, weye unajua. Hakuna barua, hakuna kupiga muhuri. Telefone njo inanyamaza. Kisha miezi tatu Mwangi alinitumia message, bado ninayo: «Mzee, sikulaumu. Naomba uniandikie mistari miwili tu, uzito ulioniambia siku ile. Watu wa bima wanasema nimetunga.» Nilisoma mara kumi. Kama naandika, badge yangu inaenda, na patron anaenda. Weye ulikuwa ungali kule ku masomo. Nilijiambia ni juu yako. Siyo kweli, mama yangu. Ilikuwa juu ya haya. Nilimutumia ile picha ndogo ya mikono mbili inaomba. Mutu anakulomba mukono moja uandike, weye unamutumia mikono mbili ya telefone!

Hakuandika tena. Na patron alibaki client wangu. Kila mara anafika ananipiga ku bega. Hakusemake juu ya nini, na mi pia sisemake.

Sasa tulifika kule nilikuambia usiruke.

Wiki mbili nyuma patron alikuwa anangoya passeport yake mu salon. Aliniita.

«Protocole, ule mutoto wako mupilote, alisha kupata karatasi ya kuendesha jet kama yangu?»

«Alisha, Patron. Na points ya juu.»

«Eko namna gani? Copilote wa mwisho alikuwa na mudomo. Kila saa kupima. Kila saa mambo ya mvula.»

Mi nilifanya nini? Kinywa ilitafuta mulango yake. «Patron! Ule mutoto? Unamwambia ruka bila mabawa, yeye anauliza tu saa ngapi!»

Alicheka mpaka alikohoa. Alinikamata ku shingo. «Njo ule natafuta,» alisema. Na ile siku ya kufwata, message iliingia mu telefone yako.

Weye ulizani kazi ilitoka mu carnet yako ya vol, ile kitabu ya masaa ulisha kuruka. Ulikamata mama yako mu kiuno, mulicheza mu jikoni mpaka sufuria ya bukari, ile ugali yetu, ilianguka, na mi nilipiga mikono. Nilipiga mikono, Ngalula. Masaa yako mu carnet ni ya kweli. Ile siku ulishusha ndeke Kapanga mu matope na mama ule alizaa kisha saa moja, ni ya kweli, batu bangali banaieleza. Lakini patron hakufungua ile carnet. Alikukamata juu ya neno yangu. Bale banakuandikia «souple» hawakuitunga. Ile souple ilitoka mu kinywa yangu. Weye haukujua, na saa sita uliuliza ile swali kama mutu alisha kunusa moshi na hajue nyumba gani inaungua.

Ni nyumba yetu.

Kama unaenda kwake, jua namna tutakufanya. Nasema «tutakufanya», juu mi na patron tuko timu moja ku ile kazi. Hakuna mutu atakuambia «vunja sheria». Atakuambia «ma fille», binti yangu. Mi nilimuitaka Mwangi «muko wangu» tangu saa ya kwanza, na hakuoa kwetu. Kisha tutakuchekesha, juu mutu anacheka hawezi kuuliza swali yake mara ya pili. Anaona kama anaharibu furaha. Kisha tutakuonyesha saa. Hatutasema kitu, tutaangalia tu saa ku mukono, mara moja, mara mbili. Na kama commandant wako anasema sawa na weye unasema hapana, tutageuka kwa commandant na tutasema, «Copilote wako eko na woga?» Ile njo mubaya kupita yote, ile inaingiaka hata kwa banaume banene. Siku utasikia bile bitu bine ku tarmac moja, usitafute tena mambo ya mvula. Enda ku balance.

Zamani nilizani tata yangu kule ku gare alikuwa mujinga na hapana yake. Batu balikuwa banauzisha kila kitu, yeye anaikala juu ya matela kama mulinzi wa banque. Basi, tulilala juu ya ile matela myaka kumi na moja, mi na badogo bangu banne. Mama yako alikuta ingali mu nyumba. Yeye hakusema kitu ya kutufundisha. Alikataa tu, na mvula ilimunyeshea, na alikohoa mpaka Kasai. Siwezi kukuambia kukataa haiumake. Mi naona tu nani alilala chini na nani hakulala chini.

Sikuanza na hii barua leo. Mbele yake niliandika ingine, mistari mbili. «Mi protocole, siku ile nilimwambia Commandant Mwangi kilo mia moja na makumi tano. Sikupima. Balance ilikuwa nzima.» Nilitia jina, nilitia nambari ya badge, nilifotografia, nilituma ku nambari yake ya zamani. Alama mbili zilikuya, zilikuwa bleu kisha dakika ine. Hakujibu. Labda alisha kupata kazi ingine, labda anaendesha taxi, labda anaonyesha bibi yake na bote banacheka. Kama ile karatasi inarudia huku, mi sina tena aéroport. Muyomba wako atapata mutu wa kumusaidia kuuzisha makala ya kupikia. Niko na sauti nzuri ya kuita client.

Nasikia munarudia, chorale inakusindikiza na nyimbo mpaka ku njia. Basi nifunge mbio, na mi ni mutu wa soko, siwezi kutoka bila kutoa bei. Sikia arrangement yangu, mapatano ya mi na weye.

Kesho bus inatoka saa moja. Saa kumi na moja chai iko tayari, na ile saa patron eko macho, najua, njo saa anaitaka protocole. Weye unamupigia, mi siyo. Unatia haut-parleur, na mi nisikie. Unamwambia na kinywa yako mwenyewe: «Mi napimaka kila kitu, na siku ingine nitasema hapana.» Ile tu, bila kueleza. Mi naikala pembeni nanyamaza, na ile ni kazi nguvu kupita yako. Kama anasema sawa, ile kiti inakuwa yako, siyo yangu tena. Kama anakata telefone, unapanda bus vilevile, unaenda kutafuta kazi, unaanza na mutu wa mafuta, na mi njo naamusha mama yako na muyomba wako, nabaeleza yote ile uko nasoma hapa, nasimama, bila kuchekesha hata mara moja. Unakubali? Usinijibu na maneno, nitaingiza mufano wa kuchekesha. Kama unakubali, weka telefone yako juu ya meza, pembeni ya sukari. Kama unaona ni muzuri uende kwanza na umukatae kule kule ku tarmac yake, iache mu mufuko. Mi nitakubebea sac mpaka ku bus, na sitauliza.

Tata yako